Sahani ya Kwanza ya Bi Pua

Naapa kabla sijaulizwa: haya yote ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Nimeyaona kwa macho yangu mawili, na moja kati yake bado zima kabisa. Wanaonijua watasema huwa natia chumvi. Safari hii chumvi yote ilibaki jikoni kwa mwenyewe.

Saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi. Nyuma ya msikiti, ndani ya jiko lenye kuta nyeusi kwa masizi na dirisha moja lisilo na kioo, mwanamke wa miaka hamsini na minane amesimama juu ya matofali mawili ili aufikie mdomo wa sufuria. Ameshika mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Anakoroga mara tatu, anatulia, anainamisha uso kwenye mvuke, anafumba macho na kuvuta pumzi.

"Bado," anasema. Anaongea na maharage.

Mtaani wanamwita Bi Pua. Jina lilianza kama dhihaka, kwa sababu hapokei kitu mkononi mwa mtu bila kukinusa kwanza, awe amepewa kitunguu au noti. Siku hizi amelizoea.

"Waache waite," anasema. "Ningekuwa na pua isiyofanya kazi wangeniita nini? Mama Fulani. Wapo wengi."

Sufuria yake ni kubwa. Mwandishi wa makala haya alikuwa mtunza ghala la nafaka kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na vyombo vikubwa si vigeni kwake, lakini hii ilimtoa jasho kuitazama tu. Mwaka mmoja upawa ulidumbukia humo ndani, ukapatikana baada ya miezi minne, umenenepa.

"Ulipotea siku mbili," Bi Pua anasahihisha bila kugeuka. "Na ulikuwa chini ya meza. Andika vizuri, kaka."

Kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, sufuria hiyo hulisha watu wasiopungua mia na arobaini. Wapo wajane, wapo wagonjwa waliotoka hospitali wakiwa na dawa za kumeza baada ya chakula ilhali chakula hawana, wapo vibarua waliosimama barabarani tangu alfajiri na hakuna aliyewachukua. Haulizwi mtu anasali wapi, wala kama anasali.

Bi Pua halipwi. Riziki yake ni kupika kwenye shughuli za watu, harusi na misiba. Mwezi mzuri hupata shughuli nne. Mwezi huu amepata moja. Anaishi vyumba viwili na mkwe wake, mke wa marehemu mwanawe, pamoja na wajukuu watatu.

"Kuna siku nawapikia watu mia na arobaini hapa, nikirudi nyumbani tunatazamana," anasema, na kucheka puani.

Kwa nini asichukue sufuria ndogo akaenda nayo nyumbani? Swali hilo lilimfanya ashuke kwenye matofali.

"Nimekabidhiwa. Hiki si chakula changu nikagawa kwa huruma yangu. Ni haki yao iliyopitia mikononi mwangu. Yangu ni sahani ya kwanza tu."

Sahani ya kwanza ndiyo habari ya mjini. Kabla mtu yeyote hajapewa chakula, Bi Pua hujipakulia sahani moja, akaketi kwenye kigoda mlangoni, mbele ya foleni nzima, akala mpaka mwisho. Kisha hukaa. Hukaa muda ambao mkwe wake anapanga sahani zote mezani, moja moja. Ndipo husimama na kusema, "Karibuni."

Wageni hufikiri ni ulafi. Wenyeji wanajua.

Alipokuwa na miaka tisa, mama yake, aliyekuwa akifua nguo za watu, aliugua mkono, wakaenda kupanga foleni ya msaada mahali fulani. Waligawiwa unga. Mama aliunusa, akamwambia mgawaji kwamba una harufu. Mgawaji akamjibu mbele ya watu wote: "Mtu wa kupewa naye ana pua?"

"Watu wakacheka," Bi Pua anasimulia. "Mama akanyamaza. Tulipofika nyumbani alikula yeye peke yake, akatuambia sisi tusubiri. Alilala kitandani siku kumi na moja. Alipoamka, mikono ilikuwa inatetemeka, hakufua tena." Akapiga ukingo wa sufuria kwa mwiko, pa. "Nikasema, mimi nitakuwa pua yao."

Maharage ya siku hiyo, mtu asijisifu kwa kitu kisicho chake, yalikuwa ya daraja la kwanza: mekundu, manene, punje zinalingana kama zimepimwa kwa rula. Gunia lake lilikutwa kwenye ngazi ya stoo Jumanne, watu walipotoka swala ya alfajiri. Halikuwa na jina.

Hivyo ndivyo ilivyo hapo. Anayetoa huweka mzigo kwenye ngazi gizani na kujiendea. Hakuna daftari la watoaji, wala hakuna anayechungulia.

"Anayetoa kwa siri ana mkataba wake na Mungu," anaeleza imamu, mzee mpole anayependa kuzungumza akiwa ameshika kofia yake mkononi. "Tukimjua tutamshukuru. Tukimshukuru, tumemlipa. Tukishamlipa, ameuza."

Kufikia saa nne watu wa kwanza walikuwa wamekaa kivulini. Mbele kabisa, kama kawaida, alikuwa mzee asiyeona anayeitwa Mzee Redio, kwa kuwa hazimwi.

"Mchumba!" aliita. "Leo umetia vitunguu vingi. Unataka kunioa?"

"Nikuoe nikuweke wapi, na maneno yote hayo?" Bi Pua alimjibu kupitia dirishani. "Nyumba yangu ina vyumba viwili tu."

Kisha akamwonyesha mwandishi, kwa kidevu, mwanamume aliyekuwa akipita ng'ambo ya barabara. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alitembea polepole sana mbele ya harufu ya chakula, kisha akaongeza mwendo.

"Hupita kila siku ya chakula," Bi Pua alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa na duka. Anaona aibu kusimama foleni mbele ya waliokuwa wateja wake. Mimi ndoto yangu ni moja: mlango kwenye ukuta ule wa nyuma, unaotokea kichochoroni. Mtu aingie, ale, atoke, asionekane na yeyote. Tundu la mlango tumeshalitoboa, limezibwa kwa bati. Mlango wenyewe ndio hatuna."

Mwandishi, ili kumchangamsha, alimsimulia habari za mlango wake mwenyewe wa uani, wa mbao ngumu, ambao wezi saba waliushindwa, wa nane akaomba aajiriwe kuulinda.

"Wezi saba," Bi Pua alirudia. "Walitaka kuiba nini kwako, kaka? Kalamu?"

Hicho ndicho kilikuwa kicheko cha mwisho cha jikoni asubuhi ile.

Saa nne na nusu alichukua gunia tupu la maharage alikung'ute, alikunje. Alikung'uta mara moja. Mara ya pili, kitu kikadondoka kutoka kwenye pembe ya chini, kwenye mshono, kikagonga sakafu bila mlio.

Kilikuwa kifundo cha kitambaa cha kijani, ukubwa wa limau, kimefungwa kwa uzi mweupe. Upande mmoja kilikuwa kimechanika. Ndani mlikuwa na vumbi la kijivu, nusu tu. Nusu nyingine haikuwepo.

Bi Pua alikiokota kwa ncha ya mwiko. Alikinusa kwa mbali. Kisha akamwita mkwe wake.

"Jana ulipomimina haya maharage, ulichambua?"

Kwa kawaida Bi Pua huchambua mwenyewe, kavu, juu ya mkeka, punje kwa punje. Lakini Jumatano alikuwa kwenye ile shughuli yake moja ya mwezi.

"Nilichambua majini, mama," alijibu mkwe, macho kwenye kitambaa. "Nilimimina moja kwa moja kwenye beseni. Nikaosha mara tatu. Mama, ni nini hiyo?"

"Sijakugombeza. Nyamaza kidogo niisikie pua yangu."

Alinusa tena. Harufu ilikuwa kama kitunguu saumu kilichokaa vibaya.

Hapa mwandishi lazima aeleze kidogo, kwa kuwa kazi hiyo anaijua. Watu wanaohifadhi nafaka nyumbani hufunga kitu kwenye kitambaa na kukizika katikati ya gunia, wadudu wasiingie. Wengine hufunga majivu yaliyotwangwa na kitunguu saumu. Hayo hata ukiyala utakohoa tu. Wengine hufunga dawa ya ghalani, ile ambayo ikiwekwa watu hufunga milango na kukaa mbali siku kadhaa. Rangi ni moja. Harufu ni ndugu. Na kabla ya nafaka kuliwa, aliyefunga hutakiwa kukumbuka kukitoa.

"Anayejua ni mmoja tu," Bi Pua alisema. "Aliyefunga."

Katibu wa kamati ya msikiti aliitwa, akafika mbio na imamu nyuma yake. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye simu mbili na haraka moja.

"Tumtafute basi!"

"Kwa jina gani?" aliuliza imamu.

Katibu akaenda kwenye kipaza sauti. Mtaa mzima ukasikia: "Aliyeleta gunia la maharage siku ya Jumanne, tafadhali afike jikoni. Narudia. Hatumuulizi chochote kingine. Afike jikoni sasa hivi."

Walisubiri. Hakuna aliyekuja.

"Kama hajitokezi," Mzee Redio alisema kwa sauti, "mimi naweza kuwa yeye. Nipewe sahani kwanza."

Watu wakacheka. Hawakujua bado. Mwandishi wa makala haya alikuwa amesimama karibu na stoo akiandika, na jasho lilikuwa likimchuruzika hadi kwenye daftari. Jiko lile lina joto kupita kiasi.

Tangazo lilirudiwa. Likarudiwa tena. Jua likapanda, foleni ikapinda kona ya ukuta. Watu wakaingia kusali, wakatoka. Sufuria ilikuwa tayari, na harufu yake, Mungu atusamehe, ilikuwa tamu.

"Mama," Katibu alisema, "yameoshwa mara tatu. Yamelowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa. Yamechemka toka alfajiri. Hata kama ilikuwa dawa, imebaki nini?"

"Sijui imebaki nini. Ndiyo maana nauliza."

"Basi tumpe kuku. Yule kuku wa jirani. Tukae tumtazame."

"Kuku naye kaja kuomba?"

"Mama, nje kuna watu mia na arobaini! Yule mama wa pacha hajala tangu jana asubuhi, kaniambia mwenyewe. Unataka nikamwambie nini? Kwamba umenusa?"

Bi Pua alitazama sufuria, akatazama mlango. Kisha akachukua sahani moja, akaipangusa kwa upindo wa nguo yake, akapakua. Alipakua wali kidogo wa sufuria ya pembeni na maharage mengi.

"Leo nitakaa saa nzima," alisema. "Nikiwa mzima baada ya saa nzima, gaweni. Nikianguka, mwageni."

Mkwe wake alimshika mkono. "Mama, una wajukuu."

"Na hao walioko nje hawana?"

Imamu alivaa kofia yake, akaivua. "Dada yangu, hii si sadaka tena. Mungu hakukutuma ujitupe shimoni."

"Basi niambie, sheikh. Nimwage? Ukisema nimwage, namwaga sasa hivi, na wewe utoke ukawaambie. Ukisema nigawe, nagawa, na jambo hili liwe shingoni mwako. Sema."

Imamu alitazama nje. Akaanza kukunja ukingo wa kofia yake.

Bi Pua akaketi kwenye kigoda mlangoni, pale pale anapoketi siku zote. Foleni ikanyooka. Watu wakaanza kusogeza miguu, kwa kuwa sahani ya kwanza ikishaonekana, ya kwako iko njiani. Alisema bismillahi. Akajaza kijiko.

Wakati huo mwandishi alikuwa ametoka nje kidogo. Mtu wa miaka sitini na saba, kibofu hakina subira.

Ndipo likatokea la kutokea. Pale kwenye lile dirisha lisilo na kioo alisimama mzee mrefu, mrefu hasa, kichwa chake kikigusa kenchi za paa, ndevu nyeupe hadi kiunoni, macho makali kama taa za lori. Hakuna aliyemwona akija. Alinyoosha mkono, na kikaratasi kikapepea, kikaelea juu ya mvuke, kikazunguka sufuria mara mbili, kikatua kwenye mapaja ya Bi Pua. Walipogeuka kumtazama, hayupo. Ardhini hapakuwa na alama ya mguu.

Kikaratasi kilikuwa na maneno machache, kwa mwandiko mbaya kuliko wa kuku: USILE. NI DAWA YA GHALANI. NILISAHAU KUITOA.

Kijiko kilikuwa kimefika kidevuni. Bi Pua alisoma polepole, midomo ikitembea. Akasoma tena. Kisha akakirudisha kijiko kwenye sahani, akaiweka sahani sakafuni, akakifunga kikaratasi kwenye upindo wa nguo yake.

"Mwageni," alisema.

Iliwachukua watu sita kuibeba sufuria hadi shimo la taka. Bi Pua alisimama pale hadi punje ya mwisho imemwagika, akaagiza shimo lifukiwe kwa udongo mpaka juu, mbwa wasifukue. Kisha akajitwisha kazi ambayo imamu na Katibu walikuwa wameikimbia: akatoka kuzungumza na watu.

"Ndugu zangu," alisema, "maharage yameingia sumu. Nimeyamwaga. Upo wali tu, na ni mchache. Nisameheni."

Mama wa pacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akasogea hadi mbele yake.

"Umemwaga?"

"Nimemwaga."

"Sisi tumekula vibaya kuliko hivyo, mama! Unajua jana nimekula nini? Ungetuuliza! Ungeuliza nani anataka na nani hataki!"

"Ungesema unataka," Bi Pua alimwambia, "kwa sababu una njaa. Ndiyo maana sikukuuliza."

Mama wa pacha alilia kwa hasira. Bi Pua hakumbembeleza. Alimpokea mtoto mmoja, akamweka begani, akaingia naye jikoni, akakaanga kitunguu kwenye mafuta na chumvi, akachanganya na wali. Akajipakulia sahani ya kwanza, akaketi kigodani mbele ya wote, mtoto akiwa bado begani. Akala. Akakaa. Mkwe wake akapanga sahani moja moja, bila haraka.

"Karibuni."

Kila sahani ilikuwa na vijiko sita. Waliokula walikuwa mia na thelathini na wanane. Hakuna aliyeshiba.

"Mkavu," alisema mama wa pacha alipopokea yake.

"Mkavu," Bi Pua alikubali. "Lakini Jumatatu utakuja kunigombeza tena."

"Mchumba," Mzee Redio alisema akitafuta punje ya mwisho kwa kidole, "nimebadili mawazo. Siwezi kuoa mtu anayemwaga maharage."

Alipoulizwa baadaye kama anamchukia aliyelifunga lile gunia, Bi Pua alitikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Alitaka kutoa. Ila nami nitabadili kitu. Jina hatutamuuliza mtu, lakini kuanzia sasa hakuna gunia litakalolowekwa kabla sijalimwaga mkekani mwenyewe. Siri ya mtoaji nitaitunza. Ya gunia, hapana." Anatumaini kuendelea na kazi hiyo maadamu pua yake inafanya kazi, na siku moja kuuona ule mlango wa nyuma ukifunguka.

Hapo ndipo makala yalipoishia. Yalikuwa mazuri, yameishia kwa tumaini kama wahariri wanavyopenda. Lakini Bi Pua aliweka sharti kwamba asomewe kwanza kabla hayajapelekwa gazetini, na Jumapili mwandishi akaenda kumsomea.

Sasa niache kujiita mwandishi wa makala haya. Ni mimi.

Alikuwa ameketi kibarazani kwake na ungo wa mchele mapajani, akichambua. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Alicheka kwenye upawa. Kwenye habari za mama yake akaanza kuchambua polepole. Nilipofika kwa mzee wa dirishani, vidole vikasimama.

"Rudia hapo. Alikuwa na urefu gani?"

"Kichwa kilikuwa kinagusa kenchi."

"Lile dirisha liko usawa wa kifua changu. Angekuwa mrefu hivyo tungeona mkanda wa suruali, si ndevu."

"Aliinama kidogo," nikasema.

"Enhe. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Si nimeandika? Nilikuwa nimetoka kujisaidia."

"Sasa hizo ndevu ulizionaje? Kupitia ukuta wa choo?"

Nilikohoa. Nikageuza ukurasa ambao haukuhitaji kugeuzwa. Bi Pua akaweka ungo chini, akafungua fundo kwenye upindo wa nguo yake, akatoa kile kikaratasi. Kilikuwa na mistari ya miraba midogo midogo ya bluu. Kikaratasi hakikuwahi kuelea juu ya mvuke, msomaji wangu. Nilikirusha kimefinyangwa kama mtu anayerusha jiwe, na kilimpiga sikioni.

"Nipe daftari lako, kaka."

"Lina mambo yangu binafsi."

"Nipe."

Nikampa. Alifungua ukurasa mmoja mmoja, akilamba kidole, hadi alipofika palipochanika. Akaweka kikaratasi pale. Kilikaa kama mtoto kitandani kwake. Hata ile pembe iliyojikunja ilikutana na mwenzake.

"Miaka thelathini na mmoja ghalani," alisema taratibu. "Nilipokiona kile kifundo, wewe ndiye uliyekuwa karibu. Ulikijua?"

"Nilikijua. Kitambaa ni cha shati langu la zamani."

"Na ulikuja kuandika habari zangu, au ulikuja kufanya nini?"

Nikamwambia. Sikuwa na hadithi nyingine. Nilitoa gunia kwa siri, kama inavyotakiwa, halafu siri ikanishinda. Nikachukua daftari nikaenda kukaa pale ili nisikie watu wakiyasifu maharage, nijue moyoni kwamba ni yangu. Kifundo kilipodondoka nilijisogeza hadi stoo, nikajifanya naandika. Kipaza sauti kiliniita mara tatu, na mara tatu nikajiambia nikimaliza sentensi hii nitasema. Mwishoni nikazunguka ukuta, nikaandika kwa mkono wa kushoto mwandiko usijulikane.

"Kwa nini hukusema kwa mdomo?"

"Niliona aibu."

"Ulikuwa hatua nne kutoka kwangu," Bi Pua alisema. "Nilikuwa na kijiko mkononi."

Mimi ni mtu wa maneno. Sijawahi kukosa la kumjibu mtu, hata mke wangu alipokuwa hai. Siku ile nilitazama mchele.

Hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu. Alichukua ungo wake, akaendelea kuchambua, akasema hatamwambia mtu: sheria ya pale ni mtoaji haulizwi jina, na yeye hakuuliza. Ila deni lipo, na si lake kulisamehe, ni la wale waliolala na vijiko sita vya wali. Kwanza, gunia jingine, nilichambue mwenyewe juu ya mkeka, punje kwa punje, yeye akiwa ameketi ananitazama. Pili, sufuria niioshe mimi kila Jumatatu na kila Alhamisi mpaka atakaposema basi.

"Na tatu," akasema, "ule mlango."

"Mlango upi?"

"Wa wezi saba."

"Bi mkubwa, ule mlango ni wa uani kwangu. Pale ndipo upepo unapo..."

"Si ulisema ni wa mbao ngumu? Au nao ulikuwa na ndevu?"

Mlango ulikuja kung'olewa Jumanne. Mafundi wawili waliubeba kirahisi. Ni mwepesi kidogo kuliko nilivyowahi kusema, na kwa kweli ni mwizi mmoja tu aliyewahi kuujaribu, naye alikuwa mlevi aliyekosea nyumba. Umekaa vizuri kwenye ukuta ule wa nyuma. Bawaba nimezipaka mafuta mwenyewe, ili usilie mtu anapoingia.

Nyumbani nimetundika shuka mahali ulipokuwa. Naandika sentensi hizi nikiwa na upepo mgongoni, na vidole vyenye masizi ambayo sabuni imeyashindwa. Mhariri ameniambia niondoe sehemu hii ya mwisho, ile ya mzee wa dirishani inauza zaidi. Bi Pua amesema nikiiondoa atainusa gazetini.

Alhamisi iliyopita, nikiwa nimezama hadi mabegani ndani ya sufuria, niliusikia mlango wangu ukifunguka na kufungwa mara tatu. Niliinua kichwa mara moja. Nani waliingia, nimewaona, na sitawasema.